Mkanda wa Pili

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kukaa mlangoni mwa banda la video mjini Mtwara nikikusanya viingilio, shilingi 50 kwa mtoto na shilingi 100 kwa mtu mzima, na kuhakikisha kwamba aliyelipa haingii na mwenzake aliyejificha ndani ya koti. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwishoni mwa mwaka 1998 na nikisubiri matokeo ambayo, yalipotoka, hayakunipeleka popote. Naandika habari za banda lile kwa sababu baadaye, nikiwa chuoni na kisha mwalimu wa Kiswahili, nimeulizwa mara nyingi, na mimi mwenyewe nimewauliza wanafunzi, kama filamu ithaminiwe kuwa sanaa au kuwa burudani. Nimelijibu swali hilo kwa namna tatu tofauti katika maisha yangu, na mara mbili za mwanzo nilikosea huku nikijiamini sana.

Banda lilikuwa Magomeni, limejengwa kwa mabanzi na kuezekwa kwa makuti, na madirisha yake mawili yalizibwa kwa magunia ili mwanga wa mchana usififishe picha. Ndani mlikuwa na mabenchi, televisheni ya inchi 21 iliyofungiwa kwenye sanduku la mbao lenye kufuli, na deki iliyosafishwa kichwa kila jioni kwa kitambaa chenye spiriti. Hakuna aliyesema anakwenda kutazama filamu. Watu walikwenda kuangalia picha, na picha zilikuwa za aina mbili tu, picha la ngumi na picha la Kihindi. Kila picha lilikuwa na steringi na maadui, na kanuni iliyojulikana hata kwa watoto waliochungulia kwenye matundu ya mabanzi ilikuwa kwamba steringi hafi. Mwenye banda, ambaye msimu wa korosho ulipofika alikuwa mnunuzi na miezi iliyobaki alikuwa mtu wa video, alinieleza msimamo wake siku ile ya kwanza: mtu ameshinda baharini tangu alfajiri, au amesukuma mkokoteni tangu sokoni, anakuja hapa kuutua mzigo wake, basi wewe usimbebeshe mwingine. Nilikubaliana naye bila kusita, na hilo ndilo likawa jibu langu la kwanza.

Miezi michache baadaye mtafsiri wa banda aliondoka kwenda Masasi kufanya biashara ya nguo, nami nikapewa maikrofoni. Msomaji ambaye hakuwahi kuingia katika mabanda yale huenda asielewe kazi hiyo. Mtafsiri hukaa kando ya televisheni, sauti ya filamu ikapunguzwa, naye akawa sauti ya wote, ya steringi, ya adui, ya mama anayelia na ya mbwa anayebweka. Aliyetukuka katika kazi hiyo nchini wakati ule alikuwa Lufufu wa Dar es Salaam, na sisi wa mikoani tulimwiga mpaka namna yake ya kuvuta pumzi. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, na Kihindi sikujua hata neno moja, kwa hiyo kwa picha la Kihindi sikuwa nikitafsiri, nilikuwa nikitunga. Nilimpa adui jina la utani la mtaani kwetu, nikawafanya mashujaa waagize pweza wa kukaanga, na kila penye ukimya niliingiza kichekesho, kwa kuwa niliamini kwamba ukimya ni hasara ya mwenye banda na aibu ya mtafsiri. Watu walicheka sana. Nilidhani wananicheka kwa sababu ya umahiri wangu, na sehemu ya hilo ilikuwa kweli.

Masika ya mwaka 1999 mwenye banda aliagiza Sholay kutoka Dar es Salaam. Filamu hiyo iliyoongozwa na Ramesh Sippy ilitoka nchini India mwaka 1975, na inazidi saa tatu, ndiyo maana ilikuwa ikisambazwa katika mikanda miwili. Ni hadithi ya wezi wawili marafiki, Jai na Veeru, wanaokodiwa na ofisa mstaafu wa polisi, Bwana Thakur, wamkamate jambazi Gabbar Singh anayewanyang'anya wanakijiji nafaka zao. Kwa kinywa changu Gabbar aligeuka mnunuzi wa korosho mwenye mizani iliyochezewa, na wakulima wa Ramgarh wakawa watu wa Tandahimba waliopunjwa kilo. Mpaka leo naona hiyo ilikuwa tafsiri nzuri.

Kifurushi kilipofika kilikuwa na mkanda mmoja tu. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, halikuwapo bado; mabasi yalivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mvua kubwa ziliponyesha barabara ya kusini iligeuka tope ambalo basi liliweza kukaa ndani yake kwa siku kadhaa, abiria wakipika kandokando. Mkanda wa pili ulisahauliwa dukani Dar es Salaam, ukawekwa katika basi lililofuata, na basi lililofuata halikufika. Mwenye banda aliuonyesha mkanda wa kwanza vivyo hivyo, akiahidi kwamba wa pili uko njiani. Nakala yetu ya mkanda wa kwanza iliishia pale upepo unapoipeperusha shali ya Thakur na sisi kuona kwamba hana mikono, kwamba Gabbar aliikata zamani, na kwamba mtu huyu anayekodi wezi anafanya hivyo kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kushika chochote. Kisha mistari ya kijivu ikajaa kwenye kioo. Watu walikaa wakiitazama kwa muda kama vile nayo ilikuwa sehemu ya picha.

Kwa wiki tatu zilizofuata mji ulikuwa ukiutunga mkanda wa pili. Nilisikia matoleo yake kwa kinyozi, kwenye baraza la kahawa, na ndani ya mtumbwi wa kwenda Msangamkuu. Kijana mmoja alisema mikono ya Thakur ingerudi kwa miujiza, akachekwa. Mzee mmoja wa baraza la kahawa, askari mstaafu aliyekuwa akija bandani kila Jumamosi na kukaa benchi la nyuma kabisa, alisema jambo lililonishangaza: kwamba yeye alishtuka mapema, kwa kuwa tangu mwanzo yule Bwana alikuwa amejifunika shuka hata penye jua, na kila alipopewa kitu alikipokea mtu mwingine. “Mtu asiye na mikono ana miguu,” alisema, “na yule atamuua adui yake kwa miguu.” Mkanda ulipofika hatimaye, tukaona Thakur akimkanyaga Gabbar kwa viatu vilivyopigiliwa misumari. Polisi walitokea mwishoni wakamzuia asimuue, na watu wa nyuma walizomea, wakisema hao wamechomekwa tu. Miaka baadaye nilisoma kwamba kweli walichomekwa: mwongozaji alikuwa amepiga mwisho mwingine ambamo Thakur anamuua jambazi, lakini bodi ya ukaguzi wa filamu ya India haikutaka mtu aliyekuwa polisi aonekane akijichukulia sheria mkononi, ikabidi mwisho upigwe upya.

Ningeweza kuishia hapo na kusema kwamba watazamaji wa banda walikuwa wahakiki hodari, na kweli walikuwa. Lakini somo langu lenyewe lilitokea Jumapili moja mchana, siku iliyotengwa kwa akina mama na watoto, tulipoonyesha mikanda yote miwili kwa mfululizo. Ndani ya Sholay yumo Radha, mkwe wa Thakur, ambaye mumewe aliuawa na Gabbar. Zamani alikuwa msichana mwenye maneno mengi na nguo za rangi. Sasa amevaa nyeupe na hasemi karibu lolote. Jioni anapita barazani kwenye nyumba ya juu akizima taa moja baada ya nyingine, na ng'ambo, kwenye kibanda chao, Jai amekaa akipiga kinanda cha mdomo na kumtazama. Hawaambiani neno. Taa zinazimwa, muziki unaendelea, basi.

Mimi, kwa mazoea, niliona pengo. Nilianza kumsemea Radha kwamba mafuta ya taa yamepanda bei, na kwamba jamaa yule pale chini anapiga kelele badala ya kuja kusaidia. Watoto walicheka. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, upande wangu, aliponigusa goti kwa ncha ya fimbo yake.

“Mjukuu wangu, nyamaza kidogo. Huyo yumo kwenye eda.”

Sikumwelewa mara moja. Nilinyamaza kwa sababu ya fimbo na kwa sababu ya umri wake, nikauzima swichi wa maikrofoni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile nikaitazama picha badala ya kuisemea. Banda zima likawa kimya. Wanawake wale walijua kilichokuwa kikitokea kuliko mimi niliyekuwa nimeonyesha filamu ile mara kumi na moja. Walijua mjane anavyopimiwa hata macho yake yanapoelekea, walijua maana ya kuzima taa peke yako katika nyumba iliyokuwa na watu wengi. Hakuna hata mmoja wao aliyesema neno sanaa. Walikuja kuburudika, walilipa shilingi 100, na wengine walibeba miwa ya watoto.

Siku ile ile steringi alikufa. Kila tulipoonyesha, kifo cha Jai kilileta fujo, na wapo vijana waliowahi kudai kiingilio chao kirudishwe kwa kuwa kanuni imevunjwa. Jumapili ile hakuna aliyedai. Veeru alipoiokota sarafu ambayo Jai alikuwa akiirusha kila walipotaka kuamua jambo, na kugundua kwamba pande zake zote mbili zinafanana, maana yake rafiki yake alikuwa amechagua mwenyewe kubaki nyuma na kufa, nilisikia mtu akivuta pumzi kwa nguvu, na sikuongeza kitu.

Nilirudia mitihani nikiwa mtahiniwa binafsi, na mwaka 2004 nikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea ualimu. Ingetarajiwa kwamba nilikwenda na somo la fimbo ile. Sikwenda nalo. Katika semina moja mhadhiri alituambia kwamba kinachoonyeshwa katika vibanda umiza ni takataka za viwanda vya nje, na kwamba filamu ya kweli ni ile inayomlazimisha mtazamaji afikiri. Nilitikisa kichwa kwa kukubali, na kwa miaka mitatu ya shahada sikumwambia mtu yeyote kwamba nimewahi kuwa mtafsiri. Nilianza kusema “sinema ya sanaa” kwa sauti ya pekee. Nikadharau kicheko. Na hapa niseme kando kwamba lugha yetu yenyewe ilikuwa ikinicheka, kwa sababu huko mitaani neno usanii limekuja kumaanisha ulaghai, na ukisikia mtu ameitwa msanii inakubidi uangalie kwanza kama ameshika gitaa au ameshika fedha za mwenzake.

Hata hivyo niliyosoma wakati ule yamenifaa baadaye. Nilijifunza kwamba ndugu Lumière walipoonyesha picha zao kwa watu waliolipa kiingilio, mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, kila moja ilikuwa ya chini ya dakika moja, na mojawapo ilikuwa ya kijana anayekanyaga mpira wa maji ili mtunza bustani alowe. Kwa hiyo kichekesho kilikuwapo siku ile ile filamu ilipoanza kuuzwa. Nilijifunza kwamba mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa kuonyesha filamu ni biashara tupu, na hivyo hakustahili ulinzi wa uhuru wa kutoa maoni unaopewa magazeti, na kwamba uamuzi huo ulikaa miaka 37 hadi mahakama hiyo hiyo ilipoutengua mwaka 1952. Swali nililodhani ni la wanafunzi wa semina lilikuwa limeamua kwa muda mrefu nani anaweza kuikata filamu na kuifungia. Nikajifunza pia kwamba nchini mwetu, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika kuhusu kilimo, afya na kuweka akiba. Wao walitanguliza mafunzo kuliko sanaa au burudani. Walitaka mtazamaji aambiwe la kufanya, na aambiwe polepole, kwa kuwa walidhani hawezi kufuata picha zinazokwenda haraka. Nilikasirika niliposoma hayo. Sikujua kwamba baada ya miaka michache ningefanya jambo linalofanana nayo.

Nilipangiwa kufundisha shule ya sekondari ya bweni katika mkoa wa Lindi, ambayo sitaitaja. Shule ilipata projekta, nami nikajitolea kuanzisha usiku wa filamu kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nilichagua filamu ya Kiafrika iliyopata tuzo, yenye mwendo wa taratibu, na nikaona wanafunzi lazima waandaliwe. Nilisimama mbele ya bwalo nikazungumza kwa dakika arobaini: fani, maudhui, ujumbe, falsafa ya mwongozaji, maana ya rangi nyekundu, maana ya mto. Niliwagawia karatasi yenye maswali ya kujibu wakati wa kutazama. Nilipowaambia sasa tunaanza, msichana wa kidato cha tatu aliinua mkono.

“Mwalimu, tunaruhusiwa kucheka?”

Niliwaambia wanaruhusiwa, lakini hakuna aliyecheka, ingawa filamu ile ina sehemu mbili za kuchekesha sana. Walikuwa wakiandika. Baada ya nusu saa waliokaa nyuma walilala, na waliobaki macho walikuwa wakitafuta mto na rangi nyekundu kama watu walioambiwa kuna sarafu imepotea mchangani. Karatasi nilizokusanya zilinirudishia maneno yangu yote, kwa usahihi mkubwa. Usiku ule sikupata usingizi, na kilichonikosesha usingizi ni kuutambua ulimi wangu mwenyewe. Ulikuwa ni ule ule wa Magomeni. Kule nilisema juu ya filamu kwa vichekesho, nikiamini mtazamaji hawezi kustahimili ukimya. Hapa nilisema juu ya filamu kwa maelezo, nikiamini mtazamaji hawezi kuona asichoonyeshwa kwa kidole. Nilikuwa nimehama kutoka kambi ya burudani hadi kambi ya sanaa na kubeba dharau ile ile, tena safari hii sikuwa na bibi wa kunigusa goti.

Jambo la kuchekesha ni kwamba jibu nilikuwa nikiliandika ubaoni kila mwaka. Katika fasihi tunayofundisha, kuburudisha ni mojawapo ya dhima za kazi ya sanaa, kumepangwa katika orodha moja na kuelimisha, kuonya na kukosoa, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuona ajabu kwamba hadithi moja ya bibi inaweza kufanya yote kwa pamoja. Wala nyumbani, wakati midimu inapotoka jando likimalizika, sijasikia Mmakonde akiuliza kama mwenye kinyago yule anacheza kwa ajili ya sanaa au kwa ajili ya kuwafurahisha watu. Wanaomkimbia na wanaomfuata hawana muda wa swali hilo. Tulilipokea likiwa limekwisha kugawanywa, tukaanza kuchagua upande.

Likizo ya Desemba nilikwenda Mikindani kwa mjomba wangu, kaka wa mama, aliyenilea na ambaye maisha yake yote amechonga mpingo. Mjomba huchonga tembo kwa dazeni kwa ajili ya wafanyabiashara wa Mwenge, Dar es Salaam, na mara moja moja huchonga shetani au mti wa ujamaa, watu wamebebana tangu shinani hadi kileleni, kazi inayoweza kumchukua miezi. Nilimhadithia habari za bwalo, na kwa kuwa bado nilikuwa na maneno ya chuoni, nikamuuliza kama hawa tembo ni biashara na yule shetani ni sanaa. Hakunijibu. Alichukua tembo mmoja kati ya wale wa dazeni, akampindua miguu juu, akanipa. Tumboni, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama tembo akiwa amesimama juu ya kabati, palikuwa pamepigwa msasa na kuchorwa mikunjo ya ngozi.

“Wapo wanaogeuza,” alisema. “Si wengi, lakini huwajui ni wapi.”

Kisha akachukua mwingine, wa fundi wa jirani, akampindua. Tumbo lilikuwa la patasi tupu. Bei yao sokoni ilikuwa sawa, na mjomba hakulalamika kuhusu hilo.

Tangu hapo nimekuwa nikizipindua filamu. Sholay, ambayo mhadhiri wangu angeiweka katika fungu la takataka, ilikuwa imepigwa msasa tumboni: mwongozaji aliificha mikono ya Thakur chini ya shali kwa zaidi ya saa moja akiamini kwamba kuna askari mstaafu mahali fulani, benchi la nyuma, atakayegundua. Na nimekutana na filamu za kujiita za sanaa ambazo tumboni ni patasi tupu, kwa sababu aliyezitengeneza alijua waliokwisha kukubaliana naye hawatazigeuza. Filamu zetu wenyewe za Bongo nazihukumu hivyo hivyo, bila kuzionea na bila kuzipendelea. Sehemu kubwa ya lawama tunazozitupia, kwamba ni za mapenzi, za nyumba za kifahari, za kulia kulia, hazina uzito kwangu. Mapenzi na kilio havijawahi kuiharibu kazi. Kinachonichosha ni pale mhusika anapolia na hapo hapo akasema kwa sauti kwamba analia kwa sababu gani, ilhali tumemwona akisalitiwa dakika tano tu zilizopita. Huyo ni mtafsiri wa banda aliyehamia ndani ya filamu.

Usiku mmoja wa likizo ile ile niliazima projekta, nikatundika shuka kwenye ukuta wa mjomba, na kuonyesha Borom Sarret. Ousmane Sembène wa Senegali aliitengeneza mwaka 1963, baada ya kwisha kuandika riwaya na kuona kwamba watu aliowaandikia wengi wao hawawezi kusoma. Inachukua dakika kama ishirini tu. Inamhusu mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar kwa siku moja. Nilikuwa na sababu ya siri ya kuichagua. Katika filamu hiyo mawazo ya mwendesha mkokoteni yanasikika juu ya picha, kwa Kifaransa, na sauti moja inabeba karibu kila kitu, kwa hiyo inamhitaji mtafsiri, na mimi nilikuwa mtafsiri. Safari hii niliahidi kusema anachosema yeye tu, kwa sauti ya chini, na anaponyamaza ninyamaze.

Walikuja wavuvi, vijana wa bodaboda, akina mama wawili wauza mihogo, watoto wengi, na mjomba kwenye kiti chake. Sikutoa utangulizi. Hazikupita dakika saba wakaanza kugombana. Mwendesha mkokoteni anakutana na mwimbaji wa sifa anayewataja mababu zake mashujaa, naye kwa furaha anampa fedha zote alizopata asubuhi, wakati nyumbani hakuna chakula. Kijana mmoja wa bodaboda alisema huyo ni mpumbavu. Mvuvi mzee akamwambia, wewe hujawahi kutajiwa babu yako mbele za watu. Walicheka, wakarudi kutazama. Kisha mteja aliyevaa vizuri akamshawishi ampeleke mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni hairuhusiwi, na askari akamsimamisha. Anapotoa karatasi zake, nishani yake inaanguka, na askari anaikanyaga. Hapo hakuna maneno, nami sikusema kitu. Bodaboda wote walisema, kila mmoja kwa lugha yake, na maneno mengine siwezi kuyaandika.

Mkokoteni unachukuliwa. Anarudi nyumbani na farasi wake, mikono mitupu. Mkewe anamkabidhi mtoto mikononi, anamwambia usiku huu watakula, na anatoka kupitia mlango wa ua. Filamu inaishia hapo.

Shuka lilibaki jeupe, wadudu wakilizunguka. Nilitaka kuzima projekta nikaona hakuna aliyeinuka. Mmoja wa wauza mihogo alikuwa bado anatazama pale mlango ulipokuwa.

“Anakwenda wapi?” aliuliza.

Hakuna aliyemjibu. Kijana wa bodaboda, yule aliyesema mpumbavu, alinigeukia.

“Mwalimu, mkanda wa pili uko wapi?”

Nilimwambia haupo. Alinitazama kama mtu anayedhani nimeusahau kwenye basi, akakaa chini tena, na kumwambia mwenzake kwamba yeye anavyoona, yule mama ana ndugu zake upande wa pili wa mji, na mwenzake akakataa, na mvuvi mzee akasogeza mkeka wake karibu.